Bibi Aliyempa Mnyoo Jina la Babu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza: tunayemzika leo alikuwa dada, mke, mama na bibi. Kwa watu wa mtaa wetu alikuwa pia Mama Minyoo. Babu ameniagiza mimi, mjukuu wao, nilisome jina hilo hapa kwa sauti, ili kila aliyekuwa akilisema kwa kunong'ona ajue kwamba Bibi alikuwa anasikia, na alikuwa analipenda.

Bibi alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali na mama yake mshonaji. Alikuwa mtoto wa nne na binti wa kwanza. Mvua zikinyesha, lile shimo kubwa la udongo wa kiwanda lilijaa maji, na nyungunyungu walitoka kwa mamia wakajinyoosha njiani. Watoto wengine waliwakusanya wakavulie samaki. Yeye aliwaokota akawarudisha mahali pakavu, kisha akachuchumaa kuwatazama wanavyozama ardhini. Kaka yake mkubwa, ambaye yupo nasi hapa, aliniambia juzi: "Sisi tulijua huyu mtoto ana kasoro. Minyoo anaongea nao, sisi ndugu zake hatusemeshi."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda, kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alimaliza mwaka 1968. Huko ndiko yote yalikoanzia. Mwalimu wa biolojia alikuwa amempasua nyungunyungu mezani ili darasa lione utumbo, na wenzake Bibi walikuwa wameziba pua. Bibi akainama karibu mpaka mwalimu akamwonya asije akamlamba. Akauliza, "Mwalimu, na hawa waliomo ndani yake ni akina nani?" Mwalimu akatazama. Kulikuwa na vitu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinajinyonganyonga. Akatazama tena kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sijui. Baki baada ya kipindi tuwaangalie." Bibi alikuwa akisimulia kisa hiki kama watu wengine wanavyosimulia siku waliyookoka kwenye ajali. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna kitu ambacho hata mwalimu hakijui, na kwamba kitu hicho kinaweza kuwa kimejificha ndani ya kiumbe kinachokanyagwa na kila mtu.

Mwaka 1972 alihitimu chuo kikuu katika masomo ya wanyama, na tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa udongo na mazao. Alipewa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, kinachopakana na stoo ya mbolea. Kilikuwa na dirisha moja, sinki moja, meza ndefu yenye alama za kuungua, na hadubini ambayo ilikuwa lazima uishike shingo kwa mkono wa kushoto ili isilegee. Humo alifanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009, na hata baada ya kustaafu walimwachia ufunguo, maana walijua wakiuchukua atapitia dirishani.

Wengi mmekuwa mkiuliza kazi yake ilikuwa nini hasa. Naomba nieleze kama alivyonieleza mimi. Ndani ya nyungunyungu, na ndani ya koa, yaani yule konokono asiye na nyumba anayeacha utelezi kwenye mboga, wanaishi minyoo wengine wadogo mno wanaoitwa nematodi. Baadhi yao ni wapangaji tu, hawana ugomvi na mwenye nyumba. Wengine wanakula chakula chake. Wengine wanamsubiri afe ndipo wafanye karamu, na wengine hawana subira, wanamuua wenyewe. Hawa wa mwisho mkulima anawapenda, kwa sababu koa akifa, kabichi inapona. Lakini kwa macho wote wanafanana, ni vijiuzi tu. Ukikosea ukampa mkulima aina nyingine, atamwagia shamba zima wapangaji wapole na koa wataendelea kunenepa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujua nani ni nani, nani ndugu yake nani, na nani bado hana jina. Mtu huyo, kwa miaka yote ile, alikuwa Bibi.

Alikuwa na kanuni yake: mdomo kwanza, kisha mkia, jina mwishoni. Hakuruhusu mtu ataje jina kabla ya kueleza alichokiona. Mara ya kwanza aliponiruhusu kuchungulia kwenye hadubini ile, ambayo kituo kilikuwa kimempa aje nayo nyumbani, nilipiga kelele, "Bibi, kadudu!" Akasema, "Sijakuuliza ni nini. Niambie unaona nini." Nikatazama upya. Jamani. Alikuwa mnyoo mmoja aliyetoka kwenye koa wa bustani yetu wenyewe, hawezi hata kuonekana kwenye ncha ya kidole, lakini pale alikuwa mrefu na mwangavu kama kioo, nikaona mpaka ndani. Nikaona koo lake linafunga na kufungua, linafunga na kufungua. Nikaona mayai yamepangana tumboni, na ndani ya yai moja kulikuwa na mnyoo mwingine, mzima, amejikunja, anageuka. Niliponyanyua kichwa, bustani niliyoiona dirishani haikuwa ile niliyoizoea. Kila koa aliyepita kwenye ukuta alikuwa nyumba yenye watu. Bibi akaniuliza, "Umeona nini?" Nikarudisha jicho kwenye hadubini. Akasema, "Vizuri. Hivyo ndivyo inavyoanza."

Kuhusu ndoa, alifunga pingu za maisha tarehe 16 Julai 1977 na Babu yetu, fundi bomba. Walikutana kwa sababu ya sinki. Udongo wa nyungunyungu aliokuwa akiwaosha ulikuwa umeziba bomba lote la ukumbi, na kituo kikamwita fundi. Sasa, mjue kwamba minyoo hawa hawashikiki kwa kibano, wanapasuka. Wataalamu wanagundisha ukope mmoja wa mtu kwenye ncha ya kijiti cha meno, na kwa ukope huo ndio wanamnyanyua mnyoo taratibu. Bibi alikuwa amemaliza kope zake zote ngumu. Babu anasimulia hivi: "Nimetoka chini ya sinki, matope mpaka masikioni, nakuta dada mzuri amesimama ananitazama machoni. Anatazama tu, haongei. Nikasema moyoni, fundi, leo mambo yako yamenyooka. Akanisogelea akasema, 'Samahani kaka, naomba ukope.' "

Babu alimpa. Baadaye akarudi kuangalia kama bomba linapita vizuri, ingawa halikuwa na tatizo lolote, akampa mwingine. Bibi alisema hakuwahi kupata kope bora kuliko zile, ndefu, ngumu, zimejipinda kidogo mwishoni, na kwamba mwanamke mwenye akili haachi vifaa vya namna hiyo viende kwa mtu mwingine. Mungu aliwajalia watoto watatu, na wote watatu walirithi kope hizo. Mama yangu anasema utotoni walikuwa wanakimbia wakisikia, "Hebu njoo nikuone jicho."

Mwaka 1976, kabla ya ndoa, Bibi alikuwa amempa jina mnyoo wake wa kwanza, aliyetoka kwa nyungunyungu. Alikuwa mwembamba mno, mwenye mkia uliochongoka, akamwita kwa Kilatini jina lenye maana ya mkia-sindano. Mwaka 1984 akapata mwingine, safari hii ndani ya koa. Huyu alikuwa mnene, karibu mara mbili ya yule, mwenye mkia butu. Alimlinganisha na wote wanaojulikana, hakufanana na yeyote. Basi akampa jina la mumewe, likachapishwa katika jarida la wataalamu. Ilikuwa zawadi ya mwaka wa saba wa ndoa yao. Babu alisoma makala yote pale mezani jikoni, kidole kikifuata mistari, kisha akasema, "Hapa wameandika nina mkia butu."

"Si wewe, ni mnyoo."

"Jina si langu?"

"La kwako."

"Basi mkia pia ni wangu. Asante, mke wangu."

Akaliandika jina lile la Kilatini kwa rangi nyeupe kwenye mfuniko wa sanduku lake la vifaa. Kila alikoenda kurekebisha bomba, wateja walimuuliza ile ni nini, naye alijibu kwa fahari, "Mimi nina mnyoo wangu." Mteja mmoja alimhurumia akamwambia, "Pole sana, fundi. Dukani kuna dawa, unameza mara moja tu."

Sasa nafika mahali ambapo Babu alisema nisiparuke. Mwaka 1990 Bibi alikuwa akifuga minyoo hao wa koa kwenye visahani vya kioo. Aliwatoa watoto wao akawaweka juu ya nyungunyungu aliyekufa, kuona tu watafanya nini. Wakala, wakakua, wakazaa. Alipowatazama waliokua mle, aliona miili myembamba na mikia ya sindano. Akafikiri kisahani kilichafuka, akaosha kila kitu kwa maji ya moto, akaanza upya. Wakatoka mikia ya sindano. Akaanza upya tena. Wale wale. Aliyekulia ndani ya koa alikuwa mnene wa mkia butu, na mtoto wake akikulia kwenye nyungunyungu aliyekufa alikuwa mwembamba wa mkia mkali. Alikuwa mnyama mmoja mwenye sura mbili, na Bibi, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amempa majina mawili.

Mnyama mmoja hawezi kubaki na majina mawili. Sheria ya kazi yao iko wazi: jina lililotangulia ndilo linaloshika, la pili linaanguka. Lililotangulia lilikuwa mkia-sindano. La kuanguka lilikuwa la Babu.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amegundua. Mama yangu, aliyekuwa msichana wa shule wakati huo, anakumbuka kwamba Bibi alikuwa anakuja nyumbani na kukaa na sahani ya chakula mbele yake bila kuigusa. Hatimaye siku moja jioni Babu alikuwa amelala chini ya sinki la jikoni anafungua koki, Mama anakunja nguo mezani, Bibi akasimama mlangoni na begi lake bado begani akasema, "Baba watoto, mnyoo wako hayupo."

Sauti ikatoka chini ya sinki: "Amekufa?"

"Hajawahi kuwepo. Ni yule wangu wa kwanza. Nilimwona na nguo nyingine nikamwita mtu mwingine."

Babu akatoka. Alikaa sakafuni, spana mkononi. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza huenda asijue mtu mpaka tumekufa wote. Na wakulima watakuwa wanatafuta minyoo wawili wakati ni mmoja."

Mama anasema maji yalianza kudondoka kutoka kwenye ile koki, ti, ti, ti, Babu akainuka akaikaza kwa spana. Kisha akasema, "Mimi bomba likivuja sijawahi kupaka rangi juu. Andika."

Bibi aliandika. Makala ilitoka mwezi Mei 1991, na ndani yake alisema kosa ni lake. Lakini msidhani Babu hakuumia. Aliumia. Sanduku la vifaa lilifunikwa gunia, na wateja walipouliza habari za mnyoo alisema ana haraka. Nyumbani, kwa kipindi kirefu, hakuna aliyeombwa ukope na hakuna aliyetoa. Bibi alifanya kazi kwa kope zake mwenyewe, fupi, zisizofaa, na wala hakulalamika.

Ndipo akamweleza jambo ambalo Babu hakulijua. Alimwambia kwamba jina likianguka halifutwi. Linaitwa kisawe. Kila atakayeandika habari za mnyoo yule, popote, mwaka wowote, ni lazima aandike jina lililo hai, na chini yake, limesogezwa ndani kidogo, aandike lile lililoanguka. Huruhusiwi kuliacha.

Babu akauliza, "Chini yake pale pale?"

"Pale pale."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu waache kuandika."

Kesho yake asubuhi Bibi alipoinua kikombe cha chai, alikuta kwenye kisosi karatasi ndogo iliyokunjwa, na ndani yake kope mbili. Gunia likaondolewa kwenye sanduku. Kuanzia hapo alimwita mumewe Kisawe, na majirani mliodhani ni jina la ukoo, sasa mmejua.

Marehemu aliwapa majina minyoo wengine wengi, na jina la mmoja wao alikuja kuliangusha mwenyewe tena, bila kusita. Vijana aliowafundisha wamo kazini katika vituo mbalimbali, na baadhi yao wamesafiri mpaka hapa. Alipotimiza miaka sabini alianza kunifundisha na mimi. Sijawahi kumwona akimuua koa kwenye mboga zake bila kwanza kumuuliza anaishi na nani.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuchoka kwa kupanda ngazi tu, na miguu ikavimba. Hospitali walisema moyo umepanuka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Wodini aliendelea na kanuni yake. Daktari mpya akitoka, Bibi alituambia, "Mrefu, shingo fupi, anatembea kama amechelewa, anapasha mikono joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Mtu mwema. Sasa niambieni jina lake." Manesi walijua wakiingia lazima waelezwe, na walikuwa wanagombea zamu. Familia inawashukuru wote.

Wiki ya mwisho, Babu alikuwa anamkata kucha. Bibi akamwambia, "Kisawe, inaonekana mimi ndiye ninayetangulia."

"Umeanza."

"Aliyetangulia jina lake ndilo linaloshika. Ni sheria."

"Na mimi?"

"Wewe unajua unapoandikwa."

Babu akaendelea kukata kucha, lakini nilimwona anafuta uso kwa bega. Bibi akanigeukia mimi akasema, "Na huyu asije akawaza sana mambo ya udongo. Hao waliomo mle tunafahamiana siku nyingi." Mjomba hakutaka sentensi hiyo isomwe makaburini. Babu alisema isomwe.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyopenda. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye ukuta wa nje wa wodi koa alikuwa anapanda. Babu alimwona. Aliniambia hakumfukuza.

Bibi ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, kaka mmoja, na wanafunzi ambao kila mmoja anasema alikuwa kipenzi chake. Ameacha pia hadubini ya nyumbani, ambayo bado ni lazima uishike shingo, na kijiti chenye ukope wa Babu ambacho amenikabidhi mimi. Nitajitahidi. Bado kuna wengi mle ndani ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona.

Jana Babu alikwenda kwa mchonga mawe. Mchonga mawe akamwonyesha mfano: jina la marehemu katikati, kubwa, limejaa jiwe zima. Babu akasema, "Lipandishe juu."

"Mzee, huku chini patabaki patupu."

"Paache. Na likija la pili, lisogeze ndani kidogo."

Bibi, mdomo tumeuona, mkia tumeuona, na jina lako limeshika. Lala kwenye udongo uliokuwa unaujua kuliko sisi sote, ukiwa na amani. Nafasi iliyo chini yako ina mwenyewe.